Maswali ya Karakana: Msumeno wa Mkanda wa Juu ya Benchi

Msumeno mdogo wa mkanda, ule wa magurudumu ya inchi 9 au 10 unaokaa juu ya benchi, bledi yake ikiwa pete ya chuma yenye meno inayozungushwa na gurudumu la juu na la chini, umeingia karakana nyingi hapa Amu, na maswali yamekuja nyuma yake. Nimeyafupisha. Wengi walioniandikia wanailaumu mashine, na karibu kila mara mashine haina kosa: haijawekwa sawa tu.

Shemeji ameniletea mashine kutoka Marekani, plagi yake ina miguu bapa. Nikibadilisha plagi itafaa? (Seremala, Langoni)

Usithubutu, utaunguza mota. Soma kibati kilicho ubavuni mwake. Kikiandikwa volti 120 na hezi 60, imetengenezewa umeme wa kwao. Wetu ni volti 240, hezi 50. Utahitaji transfoma ya kushusha volti, tena yenye nguvu kuliko mota yenyewe, kwa sababu mota ikianza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Kwa mota ya wati 300 mimi sinunui transfoma iliyo chini ya wati 1,000.

Hata hivyo transfoma hushusha volti tu, hezi haizigusi. Mota itazunguka pole kwa kiasi cha sehemu moja katika sita, na itapata moto upesi. Kwa kazi za kipande kimoja kimoja utaendelea nayo. Kuipasulia mbao kutwa, hapana. Anayetaka kuagiza ndugu zake wamletee, aagize Dubai: umeme wa huko ni hezi 50 kama wetu, mashine utaichomeka na kufanya kazi. Na kabla ya yote hakikisha soketi yako ina waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, unaofanya kazi. Nyumba zetu za kale nyingi zimeungwaungwa nyaya na kila fundi aliyepita.

Nimefuata kitabu chake, lakini bledi inachomoka kwenye gurudumu kila nikiwasha. (Kijana wa Shela)

Mwanangu, kitabu ni kizuri, lakini angalia kama umefuata utaratibu wake kwa mpango au umeruka. Kazi hii ina mtangulizi na mfuasi. Ukiweka vishikizi, vile vipande vya pembeni vinavyoizuia bledi isiyumbe, kabla bledi haijatulia kwenye magurudumu, utazunguka papo hapo mpaka magharibi.

Kwanza chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi, chomoa. Funga mashine kwa bolti kwenye benchi zito, maana mashine nyepesi ikitikisika bledi nayo inayumba. Fungua milango yote miwili, kisha rudisha nyuma vishikizi vyote, vya juu na vya chini, pamoja na beringi ya nyuma inayoegemewa na mgongo wa bledi, hata bledi isiguswe na kitu. Safisha mpira wa magurudumu; tonge moja la maranda yaliyogandamana na utomvu linatosha kuitoa bledi njiani.

Sasa vaa bledi, meno yakielekea kwako na kuangalia chini. Yakiangalia juu, basi bledi imegeuka ndani nje: itoe, ipindue kwa mikono kama unavyopindua mkono wa shati, uirudishe. Usicheke, jambo hili linawapata watu wazima.

Kaza. Kipimo cha mkazo kilichochorwa kwenye mashine hizi ndogo usikitegemee sana. Inua mkono wa vishikizi uache nafasi kama sentimita 15, usukume ubavu wa bledi kwa kidole. Ikisogea kiasi cha milimita 6 kisha ikagoma, inatosha. Ikinepa kama kamba ya kuanikia nguo, ongeza.

Halafu ndiyo zamu ya kile kitasa cha nyuma ya gurudumu la juu kinacholilaza gurudumu mbele au nyuma. Zungusha gurudumu kwa mkono, pole pole, huku ukitazama bledi inakokwenda. Ikikimbilia mbele, zungusha kitasa chini ya robo ya mzunguko ulilaze gurudumu nyuma kidogo sana, kisha lizungushe tena. Unachotafuta ni bledi inayotembea katikati ya mpira bila kuhamahama. Hapo ndipo yako iliposhindikana, nina hakika: umewasha umeme kabla haijatulia kwa mkono.

Ikishatulia, sogeza vishikizi vya pembeni. Mafundi wengi hukata kipande cha karatasi ya daftari, wakakibana kati ya kishikizi na bledi, wakafunga skurubu, wakakivuta. Nafasi inayobaki ndiyo hiyo inayotakiwa. Vishikizi vikae nyuma ya mabonde ya meno. Vikiyagusa meno, bledi mpya itakuwa butu kabla ya adhuhuri. Beringi ya nyuma iachie nafasi kama hiyo hiyo. Wakati hukati isizunguke. Ukisukuma ubao, bledi iiegemee na izunguke.

Mwisho meza. Weka guni, kile kipimo cha pembe mraba, juu yake, ubavuni mwa bledi, utazame mwanga unaopita. Kisha ihakikishe kwa kukata: chukua kipande kilichopigwa randa, kikate kidogo kwa mbele, zima, kigeuze ukilete nyuma ya bledi. Mgongo wa bledi ukiingia katika mfereji ule ule bila kusukumana, meza yako iko sawasawa.

Nikipasua ubao kwa kufuata fensi, mkato unakwenda kombo. Fensi nimeipima, imenyooka. (Mkomani)

Fensi, ule mwamba wa mezani unaouongoza ubao, imenyooka na meza, lakini bledi haina habari na meza. Kila bledi ina upande inaoupenda, kwa jinsi meno yake yalivyopindwa na kunolewa. Ukiilazimisha ifuate fensi itajibana, itapinda tumbo ndani ya ubao, na utatoa kipande chembamba juu na kinene chini.

Chukua ubao usio na kazi, upana wa kiganja na urefu wa mkono. Piga mstari wa kalamu sambamba na ukingo wake ulionyooka. Ondoa fensi, ukate mstari ule kwa mikono mitupu ukiuelekeza ubao popote panapohitajika ili bledi isitoke kwenye mstari. Utaona mwenyewe mikono yako inaupeleka ubao upande. Ukifika katikati simama, usiusogeze hata unywele. Mwenzio azime mashine. Magurudumu yakisha kusimama, piga mstari mezani kwa penseli kufuata ukingo wa ubao. Huo ndio mwendo wa bledi yako. Legeza bolti za fensi, ilaze sambamba na mstari huo, kaza. Ukibadilisha bledi, unapima upya.

Ikiwa mstari uliopata umekwenda upande kupita kiasi, usihangaike na fensi. Bledi imekuwa butu upande mmoja, pengine iligonga msumari. Tupa.

Na usisukume kwa haraka. Mashine ya wati 300 haina haja ya kusukumwa kama gari lililokwama mchangani.

Nataka kukata migongo ya viti na mapambo ya juu ya makasha. Ninunue bledi ipi? (Fundi wa viti)

Ya robo inchi, meno 6 kwa inchi, iwe ndiyo ya kila siku. Hiyo hupita kwenye pinde yenye nusu kipenyo cha milimita 16 hivi. Ya 3/8 yataka kama milimita 37, na ya nusu inchi yataka 64. Mashine nyingi za inchi 9 haziwezi hata kuivuta hiyo ya nusu inchi, hata kama muuzaji atakwambia yaingia. Pinde kali kuliko hizo zifanyie mikato ya kupunguzia: kata mistari mifupi kutoka ukingoni hadi karibu na alama, halafu fuata alama; vipande vitaanguka kimoja kimoja na bledi haitabanwa. Popote utakapokata, meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya ubao kwa wakati mmoja. Ubao mwembamba, basi, wataka meno mengi.

Nakshi ya ndani, ile isiyofika ukingoni, mashine hii haikusaidii. Endelea na patasi na keekee.

Twanunua mbao za majahazi makuukuu tutengenezee fremu. Pia kuna vipande vya boriti. Vyote vyapita? (Matondoni)

Mbao za jahazi zinapita, lakini si kama zilivyo. Misumari ya chuma imezama ndani, mingine vichwa vimekwisha kuliwa na kutu na huoni kitu juu ila doa jeusi. Pitisha sumaku ya spika mbovu pande zote nne, polepole. Sumaku haishiki shaba, kwa hiyo macho pia yafanye kazi. Kwangua chaza na mchanga wote. Rangi ya zamani ya tumbo la chombo usiifanye vumbi ovyo, rangi nyingi za kale zina madini ya risasi na sumu ya kuulia wadudu wa baharini; ipige randa ya mkono nje, penye upepo, puani umejifunga barakoa.

Boriti ni hatari ya namna nyingine, na hapa nawaomba msome mara mbili. Gogo la mviringo halina pa kukalia. Meno yakilishika tu hulibiringisha, na vidole vinavyolishika hubiringika nalo kuelekea kwenye bledi. Usilikate bila kitako: ubao mnene uliochongwa mfereji wa umbo la V, boriti ikalala humo na kufungwa kwa klampu au kushikwa na skurubu, kitako na boriti visukumwe pamoja. Kitako hicho hutengenezwa asubuhi moja na hudumu miaka.

Mwanangu anajifunza ufundi, huenda kazini na kanzu. Aniambia mashine hii haina hatari kama ile ya duara. Ni kweli? (Mama, Langoni)

Dada yangu, amekwambia nusu. Msumeno wa duara unaweza kumrushia mtu ubao tumboni. Huu hauna tabia hiyo, kwa kuwa bledi yake hushuka chini na kuugandamiza ubao mezani. Na una sauti ya upole, ndiyo maana vijana wanauzoea upesi mno. Lakini bledi hiyo yapita zaidi ya mita 10 kwa sekunde, na wenye mabucha hutumia mashine ya aina hiyo hiyo kukatia mifupa.

Kanzu aivue, avae shati la mikono mifupi au iliyobana. Saa, pete, bangili ya kamba, vyote mfukoni. Glavu asivae wakati wa kukata, kitambaa kikishikwa na jino huvuta mkono mzima. Miwani ya kinga avae. Kinga ya bledi ishushwe mpaka ibaki kama milimita 6 juu ya ubao, si kuachwa juu ili aone vizuri. Vidole visikae katika mstari wa bledi, na sentimita 8 za mwisho asukume kwa kijiti. Vipande vilivyokatika asivifagie kwa mkono magurudumu yakiwa bado yazunguka. Baada ya kuzima huchukua muda kusimama. Akisikia mlio wa kishindo ndani, bledi imekatika: arudi nyuma, azime, asifungue mlango mpaka pametulia kabisa.

Mwenye karakana naye ana lake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka azikinge sehemu za hatari za mashine. Kama milango ya msumeno wake imeng'olewa, mtoto asifanye kazi hapo. Mwambie wewe mwenyewe. Kijana hataweza kumwambia fundi wake.

Naweza kuukatia nguru walioganda? (Muuza samaki, Mokowe)

Hapana, bwana. Wa bucha ni wa chuma kisichoshika kutu na huoshwa kwa maji. Huu wa mbao ukiuosha umeuua, usipouosha utawaua wateja.

Kila nikikata mvule napiga chafya mpaka usiku. (Fundi wa milango)

Vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi na kuleta pumu, na mbambakofi nayo hupandisha chafya. Usilidharau: shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi la mbao katika orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1995. Barakoa ya kitambaa haitoshi, tafuta ile ya kuchuja vumbi inayobana usoni. Hamishia mashine mlangoni, upepo uwe mgongoni mwako. Na bledi ikitoa cheche ndani ya mvule usidhani ni msumari: mti huo hutengeneza mawe ya chokaa ndani yake.

Bledi zangu zinashika kutu kabla hazijatumika. (Mkomani)

Hewa yetu ya chumvi hiyo, hasa masika. Bledi unazoweka akiba zifute kwa kitambaa chenye mafuta ya mashine, uzifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Meza ikiwa ya chuma, isugue kwa nta ya mshumaa, mbao pia zitateleza vizuri. Jioni legeza mkazo wa bledi iliyomo, mpira wa magurudumu usiingie shimo, na uandike kwa chaki mlangoni kwamba imelegezwa, asije mtu akawasha asubuhi.

Kuzikunja ndiko kunakowashinda wengi. Hapo glavu zinaruhusiwa. Tandika gunia chini, simamisha bledi mbele yako kama pete kubwa, meno yakielekea mbali nawe, ukanyage chini yake kwa kiatu. Ishike juu kwa mkono mmoja, upindue kiganja mzunguko mzima huku ukiushusha mkono. Bledi itajilaza yenyewe mizunguko mitatu. Ifunge kwa uzi mahali pawili kabla hujainua mguu.