Maswali ya wasomaji: jina lina deni, simu naitaka

*Shikamoo anti. Mi nachuuza dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Kitochi changu kimechoka na wateja wangu wa Dodoma siku hizi hawatumi hela mpaka waone picha ya mzigo wasap. Nimeenda kuchukua simu ya mkopo, duka la kwanza wakanikataa eti jina langu lina deni, ni kweli kuna elfu 38 nilikopa kwenye laini mwaka jana sijarudisha. Duka la pili wamekubali, kianzio 50,000 ninayo, halafu 1,500 kila siku mwaka mzima. Keshi hiyo simu inauzwa 320,000. Nichukue? Au nisajili laini mpya nianze upya?* — Mchuuzi, Kirumba

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la laini mpya maana naulizwa sana. Laini utapata, tena leo leo, unaenda na namba yako ya NIDA unaweka kidole basi, hakuna anayekuuliza unadaiwa na nani, kwa sababu laini zetu hizi ni za vocha, unalipa kwanza ndo unaongea, sasa mtandao utakuogopea nini? Bando ni hivyo hivyo. Mwenye deni la milioni na asiye na deni wote wanajiunga kifurushi kile kile kwa bei ile ile. Ila deni lako halikai kwenye kile kikadi, limeandikwa kwa jina lako na NIDA yako, na wakopeshaji wenye leseni wanapeleka taarifa kwa kampuni za taarifa za mikopo zinazosimamiwa na Benki Kuu. Huko ndiko duka la kwanza walikokuona. Ukitupa laini deni linabaki, unachopoteza ni namba ambayo wateja wa Dodoma wameisevu.

Haya sasa hiyo 1,500. Kwa siku inaonekana kama hela ya chai na maandazi, ndo maana wanaiweka kwa siku. Zidisha kwa siku 365 unapata 547,500, ongeza kianzio chako inakuwa 597,500, kwa simu ya 320,000. Yani unailipia simu moja karibu mara mbili.

Lakini mi sio riba inayonitisha zaidi, ni mbalamwezi. We mwenyewe unajua kuliko mimi, dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukishakuwa mkubwa taa haina kazi, mitumbwi inakaa nchi kavu na Mwaloni panapoa, unaweza kupiga siku kumi hushiki hela ya maana. Ile simu haijui mambo ya mwezi. Ina programu ndani yake ambayo usipolipa inafunga kioo, kinabaki kitufe cha kulipia na namba za dharura basi, na itajifunga wiki ile ile ambayo unabembeleza wateja wakutumie advansi ya mzigo. Hao wenye mkopo wamepanga malipo kama ya mtu anayeuza chapati kila asubuhi, sio wa ziwani.

Kwa hiyo mi nakushauri hivi. Tenga hiyo 1,500 yako siku za giza tu, tuseme siku 20 kwa mwezi, hiyo ni elfu 30. Mwezi wa kwanza na siku chache za wa pili maliza lile deni la elfu 38, uliza kwanza limefika ngapi maana mikopo mingi ya kwenye laini ina tozo za kila siku, na ukishalipa tunza meseji, baada ya muda omba ripoti yako kwa zile kampuni za taarifa za mikopo uone kama linaonekana limelipwa. Ni haki yako kuiona. Na usishangae hela ikiingia kwenye laini ikakatwa yenyewe, ndivyo mikopo hiyo ilivyo, hata salio la kukopa ukiweka vocha linakatwa kwanza kabla hujaongea neno. Mwambie mteja atume kwa laini nyingine ukiwa na mzigo wa haraka, lakini usifanye ndo mtindo.

Kianzio chako usikiguse. Tafuta simu used ya 140,000 hivi, ya kupiga picha na wasap haihitaji makubwa. Hamsini unayo, inabaki tisini, ni miezi mitatu ya giza. Jumla kama miezi minne na nusu ukihesabu na deni, na simu ni yako hakuna mtu wa kukufungia kioo.

Angalizo kwenye used: mjini hapa zinazunguka simu za mkopo ambazo mwenyewe kashindwa kulipa kauza. Ukiiangalia dukani iko safi. Kabla hujatoa hela mwambie muuzaji afute kila kitu, aiwashe upya, aiunge na intaneti mbele yako, kaa hapo robo saa unywe hata soda. Kama ina deni huwa lile tangazo la kudai malipo linarudi ikishashika mtandao. Bonyeza na *#06# uone namba zinazotokea zinafanana na za kwenye boksi na risiti. Akianza kuleta haraka mara fundi anafunga, ondoka.

*Anti habari, dada yetu yuko Minnesota Marekani ana miezi mitano, ameenda kuchukua laini wakamwambia hana historia ya mikopo aweke dipoziti kubwa. Laini tu jamani! Sisi huku Nyegezi tunashindwa kuelewa.* — Mdogo mtu

Nzuri tu. Kule kampuni kubwa zinapenda mkataba, unaongea mwezi mzima ndo bili inakuja, kwa hiyo wanakupa huduma kwa kukuamini na lazima wachungulie kwanza unalipaga vipi madeni. Mgeni hana faili, anahesabiwa sawa na mwenye faili bovu. Mwambie aachane na mkataba aulize laini za kulipia kabla, za vocha kama zetu. Cricket ni ya AT&T, Metro ni ya T-Mobile, Visible ni ya Verizon, minara ni ile ile na hawaangalii mikopo. Mint nayo bei yake iko chini ila unalipa miezi kwa mkupuo, kuanzia mitatu, sasa apige hesabu kama hela yake inaruhusu. Simu aende na yake isiyofungwa kwa mtandao mmoja, maana akitaka simu ya kulipia kidogo kidogo faili litaulizwa tena.

Na kama kipato ni kidogo kuna mpango wa serikali yao unaitwa Lifeline, uko tangu 1985, unapunguza dola 9.25 kwenye bili ya mwezi, kwa wenye kipato kisichozidi asilimia 135 ya kiwango chao cha umaskini au walio kwenye misaada kama Medicaid ya matibabu na SNAP ya chakula. Ni mmoja kwa kaya. Akisikia mtu anamwambia kuna ule mwingine wa dola 30 wa intaneti, huo uliisha Juni 2024.

*Anti, kaka yangu jina limechafuka kwa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, anataka nimchukulie simu ya mkopo kwa NIDA yangu, analipa yeye. Mi ni bodaboda Buzuruga. Nimkatalie vipi?* — Mdogo wake

Mwambie na wewe unatafuta mkopo wa pikipiki, hawatakubali ukiwa na mkopo mwingine wa simu kwa jina lako. Kama sio kweli si utatafuta siku moja? Kama alikopa kwenye programu za mtandaoni aangalie kama ipo kwenye zile 69 ambazo Benki Kuu ilizitaja Novemba 2024 kwamba hazina leseni. Na wewe usiku wa leo bonyeza *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, kesho kabla hujaenda kijiweni pitia duka la mtandao husika na kitambulisho waifute.