Shangazi, riwaya imemharibu mama yangu

*Shangazi, baba alifariki mwaka juzi, mama yuko Tukuyu peke yake. Nilimpelekea riwaya ya Mariama Bâ, Barua Ndefu Kama Hii, ajiliwaze. Tangu hapo si yule. Kiti cha baba, ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia, amekitoa barazani, anakikalia yeye akisoma. Alhamisi anapanda Coaster kwenda kuuza ndizi Mwanjelwa. Nikimwambia ahamie kwangu hapa Mbeya, anasema hana nafasi. Watu watasema hakumpenda marehemu. Na dada wa kazi naye ameondoka. Nifanyeje? (Barua imefupishwa.)*

Pole kwa kufiwa na baba, mwanangu.

Sasa tuseme ukweli. Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila mara jicho linagota kwenye ule mstari wa mwisho: dada wa kazi ameondoka. Upweke wa mama si ndio unaokunyima usingizi. Unatafuta wa kukulelea watoto, na marehemu umemfanya kisingizio.

Kitabu chenyewe hukukisoma. Ramatoulaye, yule mjane wa Senegali, alikaa eda, akapokea waombolezaji, akamlilia mumewe Modou, ingawa alikuwa amemtelekeza na watoto 12 akaoa rafiki wa binti yao. Arobaini ilipokwisha, shemeji yake Tamsir akaja na imamu kumtangazia kwamba atamwoa. Hapo mwanamke aliyenyamaza miaka 30 akafungua kinywa, akamkatalia mbele yao. Kilio na uhuru vilikaa katika moyo mmoja, na hakuna kilichokuwa cha uongo.

Ndivyo alivyo mama yako. Miaka yote kiti kile alikifuta vumbi, akakiacha, akarudi jikoni kwenye kigoda chake. Leo mvua ya Tukuyu inapiga bati, migomba inadondosha maji, naye amekaa, miguu ameinyoosha, anafungua ukurasa. Wewe unaona aibu! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ndoa ile hukuilalia wewe.

Halafu, mumeo yuko wapi? Kurasa tatu hujamtaja hata mara moja. Hili nawaambia wanandoa wote wa siku hizi: mnaoana, mnazaa, kisha malezi mnayapakia mgongoni kwa bibi, mnayaita heshima kwa wazee. Bibi alishalea. Aliwalea ninyi.

Na usimtishe kwa mila. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inamruhusu mjane kuishi popote apendapo, kubaki bila mume au kuolewa na amtakaye, hata kama mila inasema vingine. Wengi hudhani kifungu hicho kinawahusu mashemeji tu. Kinamhusu na binti.

Tafuta dada mwingine, mlipe vizuri, na mumeo ashike zamu yake. Kuhamia kwako usimtajie tena mama. Alhamisi amka mapema, nenda Mwanjelwa, umsaidie kushusha mikungu, kisha muulize sasa anasoma nini.