Nyumba niliyonunua kwa bei ya khiyari: kodi yake ni halali?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Tanga. Kiinua mgongo changu niliogopa kukitia kwenye viwanja, maana nimeona kiwanja kimoja kina wenyewe wawili. Jirani akanijia na shauri: nimpe milioni 40 aniuzie nyumba yake, abaki humo humo kama mpangaji kwa 400,000 kwa mwezi, na akinirejeshea 40 zangu ndani ya miaka 3, nami nimrejeshee nyumba. Nimeshapokea kodi ya miezi 2. Kijana mmoja msikitini anasema ni riba. Wazee wanasema hii ni bei ya khiyari, yaani mauzo yenye hiari ya kurejesha, pwani nzima iliandikwa mbele ya makadhi. Mke wangu ana kisukari na kodi hiyo ndiyo dawa yake. Nyumba kama hiyo mtaani huuzwa kama milioni 90, na hupangishwa 250,000. Picha za mikataba nimekutumia.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Allah amponye mama, Mwalimu. Barua yako imenikosesha raha, kwa sababu si wewe peke yako. Wastaafu wengi wanaingizwa humu.

Kununua nyumba ukaipangisha ni halali, hapo hatuna mjadala. Tusome karatasi zako. Mauziano na upangaji vimeandikwa siku moja, mashahidi wale wale. Kifungu cha 5 kinasema mabati yakiezuliwa, karo la choo likijaa, hata kodi ya jengo inayokatwa kwenye luku, yote ni juu ya "mpangaji". Cha 7 kinasema nyumba ikiungua, fedha zako zinarudi kamili. Sasa niambie, wewe umemiliki nini? Mwenye nyumba gani asiyelala macho mvua ya masika ikivuma, lakini wewe unakoroma?

Mtume (s.a.w.) amesema, kama alivyopokea Bi Aisha (r.a.), kwamba pato hufuata dhamana. Na katika hadithi ya Abdallah bin Amr amekataza mkopo pamoja na mauzo, na faida ya kitu usichokidhamini. Anayekula kodi ndiye wa kuumwa na hasara ya jengo. Wewe umekwepa hasara, umebaki na kodi.

Tazama na bei. Unasema mwenyewe nyumba zinazofanana na hiyo mtaani zinauzwa kama milioni 90, na kupangishwa 250,000. Nani anauza kwa 40? Na hiyo 400,000 imetoka wapi? Haikutoka kwenye vyumba vya nyumba, imetoka kwenye milioni 40: moja kwa mia, kila mwezi.

Wazee wetu nawaheshimu, lakini hoja yao haisimami. Kwanza, khiyari ya sharti, yaani hiari ya kuvunja mauzo iliyowekwa kwa masharti, katika madhehebu yetu ya Shafi haizidi siku 3. Miaka 3 wameitoa wapi? Watasema masheikh wa Hadhramaut waliruhusu bei ya uhda, yaani mauzo kwa ahadi ya kurejesha. Kweli, baadhi yao waliiruhusu, kwa masharti, na ahadi ya kurejesha ikiwa nje ya mkataba. Ya kwako imo ndani, tena imepigwa muhuri. Watasema wanachuoni wa baadaye wa madhehebu ya Hanafi walikubali bei ya wafaa, ambayo ni mauzo ya namna hiyo hiyo, hata ikaingia katika Majalla, kitabu cha sheria cha dola ya Waturuki. Ni kweli pia. Lakini Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokaa Jeddah mwaka 1992 lililitazama jambo hilo, likasema hakika yake ni mkopo uliovuta manufaa, na halijuzu. Kwamba jambo lilifanywa zamani pwani si dalili. Watu walipoteza mashamba ya mikarafuu kwa karatasi za namna hii, na wajukuu wao wanajua.

Kwa hiyo kijana wa msikitini amesema kweli, ingawa naomba apunguze ukali kwa wazee.

Hofu yako naielewa. Lakini usalama ule uliouziwa ndio hasa ulioigeuza kodi kuwa riba. Ukitaka nyumba, nunua nyumba. Nenda kaitazame wakati wa masika, si kiangazi. Fanya upekuzi wa hati kwa msajili, na ulizia mtaani kama mirathi imegawanywa. Mke wa muuzaji atie saini, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa haki katika nyumba ya ndoa. Tenga mwezi mmoja au miwili ya mwaka isiyo na mpangaji. Wala usimalize akiba yote. Dawa ya sukari haingoji mpangaji alipe. Kama jirani ana haja kweli, nunua kwake nusu ya nyumba kwa bei ya soko, bila sharti la kurejesha, kodi na mabati mgawane nusu kwa nusu.

Zaka haimo katika thamani ya nyumba ya kupangisha, imo katika akiba yako ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha zaka, na kupitiwa na mwaka.

Zile 800,000 usizirudishe mkononi. Zihesabu kuwa amelipa deni. Chaneni mikataba yote miwili, muandike mmoja wa mkopo, nyumba ibaki rehani bila wewe kula chochote humo. Jirani yako anadaiwa 39,200,000. Akishindwa kwa wakati, mpe muda.