Kamera inasogea, wasiwasi hauji

SWALI: Naikaribia sura ya mwigizaji polepole ili mtazamaji aingiwe na hofu, lakini picha inabaki ya kawaida. Nakosea wapi?

JIBU: Huenda unatumia zumu, yaani kuvuta picha kwa lenzi huku kamera imesimama. Zumu hukuza uso na vitu vya nyuma kwa kiwango kilekile, kwa hiyo hatuhisi kusogea. Weka kwenye kamera lenzi ya milimita 35, kisha sukuma kamera yenyewe kwenye reli: mita moja kwa sekunde 20 hivi. Anza kabla mwigizaji hajashtuka. Ukichelewa, kamera inamfuata badala ya kumvizia. Nyuma yake acha mlango wazi wenye giza, jicho la mtazamaji litauangalia lenyewe. Taa moja ya pembeni yatosha. Na usikate picha mapema, kosa la wahariri wengi.