Chumvi ya kupika na kuanika mwenyewe: mambo niliyojifunza kwa hasara hapa Kigoma

Jamani mnaotaka kuanza kutengeneza chumvi nyumbani nisikilizeni kwanza, maana mi nilianza kichwa kichwa. Siku ya kwanza kabisa nilichota dumu la lita 20 pale Kibirizi nikabandika jikoni nikijua maji ni maji, si ziwa kubwa hili? Nikachochea mkaa kutwa nzima, jioni nikabaki na unga mweupe kama chaki, kijiko hakijai, nikilamba hata chumvi yenyewe siisikii. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Tanganyika ni maji baridi ndugu zangu, madini yote kwenye lita moja hayafiki hata gramu 1, wakati bahari ina kama gramu 35. Kwa hiyo ziwa sahau, huku kwetu chumvi iko Uvinza, kule mto Ruchugi unakokutana na mto Malagarasi, chemchemi zinatoa maji ya chumvi toka ardhini na watu walianza kuyachemsha kwenye vyungu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, waliochimba mambo ya kale miaka ya 1960 walikuta vigae na mashimo ya moto.

Mi nimefanya zote mbili. Maji ya bahari nilijaribu nikiwa likizo kwa dada Lindi, kule kwenye mashamba ya chumvi, ya Uvinza nilianza kwa madumu mawili aliyoniletea shemeji. Kazi ni ileile ila ya bahari ina mtego na mtego wenyewe uko mwishoni, nitaufikia.

Kuchota. Kama ni bahari nenda mbali na bandari, mbali na mto unapoingilia, na usichote siku mvua imetoka kunyesha, hapo unabeba maji baridi na uchafu wa mtaa mzima. Yaache yatulie usiku mmoja, kisha chuja kwa kanga iliyokunjwa mara nne. Hapo pafupi tu, twende.

Moto au jua? Watu wengi wanakimbilia moto. Lita 20 za bahari zilinimalizia karibu madebe mawili ya mkaa nikapata nusu kilo hivi, sasa piga hesabu mwenyewe, pakiti ya dukani ni bei gani na mkaa bei gani. Jua ni bure. Tandika nailoni nyeusi kwenye fremu ya mbao, mimina maji yasizidi vidole viwili kwenda juu, funika na kipande cha chandarua nzi wasiingie, weka juu ya bati. Huku kwetu fanya Juni mpaka Septemba, kiangazi, siku nane mpaka kumi maji yanakuwa mazito. Ukianza Novemba unatafuta lawama na Mungu, kila saa tisa unakimbia na turubai. Ukilazimika kutumia moto basi usitumie sufuria ya aluminiamu, chumvi inaitoboa taratibu, na karai la chuma linakupa chumvi ya njano ya kutu. Stili au chungu, basi.

Utajuaje maji yamekolea? Yai. Chukua yai bichi la leo au jana, weka kwenye maji ya bahari yalivyo, litazama, usishtuke. Likianza kuelea ujue maji yamekuwa makali kama mara tatu ya bahari, bado safari ipo. Ila yai liwe jipya kweli, mi nilitumia la wiki tatu likaelea siku ya kwanza nikajiona fundi, kumbe viza.

Sasa penye shida. Maji ya bahari hayatoi chumvi peke yake, yanatoa vitu kwa foleni. Lita 20 zikibaki kama 4 unaona utando mweupe na mchanga laini chini, hiyo ni chokaa na jasi, ukiila inakwaruza meno, kwa hiyo mimina maji kwenye chombo kingine uiache hapo. Zikifika lita 2 ndo chumvi yenyewe inaanza, vipande vya pembe nne vinaelea juu halafu vinazama, kuzuri kuangalia kwa kweli, mi hukaa pale na kigoda. Afu zikibaki kama nusu lita ACHA. Usikaushe mpaka tone la mwisho. Hapo kila mgeni anaharibu, anaona maji bado yapo anasema ngoja nimalizie, na yale maji ya mwisho ndo yana magnesiamu, machungu, na chumvi yenye hiyo kitu haikauki milele, ukiiweka kwenye kopo asubuhi unakuta inalia machozi. Kilo nzima niliitupa hivyo.

Kwa hiyo chota chumvi ikiwa bado imelowa, ifunge kwenye kitambaa, ining'inize usiku kucha idondoshe. Ukitaka safi zaidi isuuze haraka na maji yaliyokolea chumvi, sio maji ya bomba, ya bomba yanaiyeyusha unabaki umeshika kitambaa. Kesho yake ianike kwenye ungo uliotandikwa kitambaa, saa nne mpaka saa kumi, jioni ingiza ndani kabla umande haujashuka, siku mbili tatu. Kopo liwe la kioo lenye mfuniko wa kubana, na punje chache za mchele ndani.

Halafu hii chumvi haina madini joto. Ya dukani inawekewa kwa sheria sababu ya tezi la shingo, na mjamzito na watoto wanayahitaji kuliko mtu yeyote. Mi ya kwangu ni ya kutia migebuka, samaki wa ziwani kwetu, kabla ya kuwaanika, na achari, kwenye mboga ya kila siku natumia ya pakiti.

Na yale maji machungu yaliyobaki usimwage bustanini. Mi nilimwaga nyuma ya jiko, mchicha wote wa mama mkwe ukalala, na safari hii hakucheka.