Fundi Anajibu: Gari Linalokula Oili

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, ninaishi Iringa, na ninaendesha Toyota Corolla ya petroli ya mwaka 1998 niliyoachiwa na mjomba wangu ikiwa imeshatembea kilomita 240,000. Kila baada ya kilomita 1,000 hivi hunilazimu kuongeza karibu nusu lita ya oili. Fundi wangu aliniambia kwamba, kwa kuwa gari linakula oili na mimi ninaongeza mpya kila mara, hakuna haja ya kumwaga ya zamani, na sasa ni miezi 14 sijaimwaga. Mwezi uliopita nilipokuwa nikienda Morogoro niliteremka mlima Kitonga vizuri, lakini nilipofika chini na kukanyaga mafuta, niliona kwenye kioo moshi wa bluu nyuma yangu. Je, injini imekufa? Na je, niweke oili nzito kama wengine wanavyonishauri? (Mwalimu, Iringa)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Injini yako haijafa, na kwa jinsi ulivyoeleza huo moshi, huenda ugonjwa wake ni mdogo kuliko unavyohofia. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ile miezi 14, kwa hiyo nitaanza hapo.

Ushauri kwamba anayeongeza oili hana haja ya kumwaga nimeusikia katika gereji nyingi, na nimefungua injini zilizokufa kwa sababu yake. Oili inapoungua, kinachoondoka ni oili yenyewe, lakini masizi, unga wa chuma na tindikali zitokanazo na kuungua kwa petroli hubaki ndani ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Kumimina nusu lita safi juu ya lita tatu chafu ni sawa na kuongeza maji kwenye beseni ambalo tayari limeoshewa masufuria ya pilau: maji yataongezeka, lakini utando wa mafuta utabaki palepale. Tena zile dawa zinazochanganywa kiwandani ili oili isafishe injini na kuzuia kutu huchoka kadiri siku zinavyokwenda, na hiyo nusu lita haitoshi kuzirudisha. Filta nayo ina mwisho wake. Ikishaziba, vali ndogo hufunguka ili injini isikose oili, na kuanzia hapo oili huzunguka bila kuchujwa, ikipeleka uchafu moja kwa moja kwenye beringi.

Kwa hiyo imwage wiki hii, pamoja na kubadilisha filta. Endesha gari kwa dakika kumi hivi ili oili ipate uvuguvugu na kutiririka pamoja na uchafu wake, kisha liegeshe mahali tambarare na uzime injini. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Wekeni stendi imara. Nati ya sampu ya Corolla hiyo hufunguliwa kwa spana namba 14, na chini yake kuna washa, yaani pete ndogo ya kuzuia kuvuja, ambayo inapaswa kuwa mpya kila mara, kwa sababu ya zamani imeshabonyea na ndiyo inayoacha matone unayoyaona asubuhi kwenye sakafu. Filta ikitoka, pitisha kidole mahali ilipokaa uhakikishe kwamba mpira wake haukubaki umeng'ang'ania kwenye injini, maana filta mpya ikifungwa juu ya mpira wa zamani, oili yote inaweza kumwagika barabarani. Paka mpira wa filta mpya oili kidogo, ifunge kwa mkono mpaka iguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana haihitajiki hapo.

Fundi akikushauri asafishe injini kwanza kwa dizeli au mafuta ya taa, kataa kwa upole. Katika injini iliyokaa miezi 14, tope lililoganda likibanduka kwa pamoja huenda kuziba chujio la pampu ya oili, na injini hukosa oili ingawa sampu imejaa. Njia ya taratibu ni salama zaidi: weka oili mpya na filta mpya, tembea kilomita 1,000 hadi 1,500, kisha mwaga tena na ubadilishe filta tena. Oili hiyo ya kwanza itageuka nyeusi upesi sana, nawe usishtuke, kwa kuwa weusi huo ndio uchafu unaobebwa kutoka ndani. Baada ya hapo, kwa injini ya umri huo na oili ya kawaida, mwaga kila kilomita 5,000, au kila miezi sita ikiwa gari halitembei sana.

Sasa moshi. Unapoteremka mlima mrefu kama Kitonga huku mguu ukiwa umeachia mafuta, injini huvuta kwa nguvu, na kama zile sili ndogo za mpira zinazokaa kwenye vali zimekauka kwa umri, oili hupenya taratibu na kuingia kwenye silinda. Ukifika chini na kukanyaga, huungua na kutoka kama moshi wa bluu. Dalili ya pili ya sili ni moshi unaotoka asubuhi unapowasha gari lililolala usiku kucha, kisha ukapotea baada ya muda mfupi. Ungekuwa unatoka wakati wote, hasa unapopanda mlima ukiwa na mzigo, ningeshuku ringi za pistoni, yaani pete zinazoziba kati ya pistoni na silinda, na hiyo ni kazi kubwa ya kufungua injini. Kubadilisha sili za vali hakuhitaji kushusha injini. Kabla ya kuilipia kazi hiyo, mwombe fundi aangalie pia gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), maana gari linaweza kudhaniwa linakula oili kumbe linavuja, na oili inaungulia juu ya ekzosi ambako hakuna anayeiona.

Nusu lita kwa kilomita 1,000 si afya njema, lakini injini inaweza kuishi nayo kwa muda mrefu. Watengenezaji wengi huihesabu lita moja kwa umbali huo kuwa ndiyo mpaka wa mwisho. Oili isipopungua zaidi ya hapo, gari lako linaweza kukuhudumia miaka kadhaa ilimradi usiache kupima.

Kuhusu oili nzito, usiikimbilie ile ya namba moja, yaani SAE 40 tupu. Wengi huimwagia injini zinazotoa moshi ili kuuficha, na kweli moshi hupungua, lakini asubuhi za Juni na Julai huko Iringa, wakati baridi inapouma, oili hiyo huchelewa kufika juu kwenye vali, na ni katika sekunde hizo za mwanzo injini huumia. Ya 10W-40 itakufaa kwa baridi ya alfajiri na kwa joto la Mikumi pia. Kwa anayeishi pwani ningesema hata 20W-50 ni sawa. Namba iliyo kabla ya W huonyesha wepesi wa oili ikiwa baridi, na ya baada yake huonyesha uzito wake ikiwa moto. Kwenye kopo tafuta pia herufi za API (alama ya daraja la oili) zinazoanza na S, kama SL au SN, ambazo ni za injini za petroli. Kama kitabu cha gari lako ni cha Kijapani, kama vilivyo vingi, usikitupe: jedwali la namba hizo husomeka hata kwa asiyejua Kijapani.

La mwisho, usisubiri taa nyekundu ya oili. Taa hiyo hupima shinikizo na si kiasi, nayo ikiwaka huku ukiendesha, simama pembeni na uzime injini papo hapo, usijaribu kufika gereji.

SWALI: Fundi, niliongeza oili kwa kukisia na sasa iko juu ya alama ya juu kwa upana wa kidole. Je, kuna madhara? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Yapo. Oili ikizidi sana, krankishafti, yaani shafti kubwa inayozungushwa na pistoni, huipiga na kuigeuza povu, na povu halilainishi chuma. Tena huweza kusukuma oili itoke kwenye sili. Legeza nati ya sampu na upunguze, au ivute kwa bomba jembamba kupitia tundu la dipustiki, kile kijiti cha kupimia oili. Siku nyingine egesha mahali tambarare, zima injini, subiri dakika tano ili oili ishuke, toa dipustiki, ifute kwa kitambaa kikavu, irudishe hadi mwisho, kisha itoe tena na usome. Ule usomaji wa kwanza haufai, kwa sababu oili imerukia kijiti wakati wa mwendo. Katika magari mengi, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni karibu lita moja, kwa hiyo ongeza robo lita tu kwa wakati, subiri, na upime upya.

SWALI: Oili chafu ninayomwaga huwa ninapaka nguzo za uzio ili mchwa wasizile. Jirani yangu anasema ninakosea. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Jirani yako ana haki. Oili iliyotumika ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani ya ngozi kwa mtu anayeigusa mara kwa mara, na mvua huiosha kutoka kwenye nguzo hadi ardhini, na kutoka hapo hadi kisimani. Ikusanye kwenye dumu lenye kifuniko na uipeleke kwenye gereji au kituo cha mafuta kinachokusanya oili chafu, nawe unawe mikono kwa sabuni. Makopo matupu ya oili mpya yatoboe kabla ya kuyatupa, kwa sababu wapo wanaoyaokota, kuyajaza oili bandia na kuyauza tena yakiwa na lebo yake halali.