Miguu Huzeeka Kabla ya Jina

Mwaka niliotimiza miaka 35 nilikuwa nahodha wa timu yetu ya kikapu, na katika timu nzima mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua kwamba nimekwisha. Kila kosa nilikuwa na jibu lake: refa ananionea, ringi ya leo ngumu, hawa vijana hawanipi mpira ninapoutaka. Kocha alipoanza kunitoa robo ya nne, muda ambao kwa miaka 12 ulikuwa wangu, nikaanza kununa. Yeyote aliyekuwa tayari kunisikiliza nilimwambia maneno yaleyale: "Timu hii nimeijenga mimi."

Kama nawe siku hizi umeanza kuyasema hayo, kaa nikusimulie.

Kilichonizindua ni video. Mwenzetu mmoja alirekodi mechi kwa simu, nami nikaiangalia peke yangu usiku. Nilichokuwa nakiita bahati mbaya kilikuwa hatua mbili. Kila mpira uliogonga ringi na kurudi, nilifika hatua mbili baada ya mwenzangu kuudaka. Niliirudisha nyuma mara kadhaa nikitafuta hata mpira mmoja nilioufikia mapema. Kwa hiyo jirekodi, na ukijitazama usihesabu pointi. Mkono huchelewa kuzeeka, na ukilishwa mipira ya kutosha utafunga tu. Tazama miguu yako wakati huna mpira: unavyorudi kulinda, unavyogeuka mtu akikupita.

Kobe Bryant, nyota wa Los Angeles Lakers katika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, nilimpenda mno, na ndiyo maana namtaja. Aprili 2013 kano yake ya kisigino ilikatika wakicheza na Golden State Warriors, naye akaenda mstarini kwa miguu yake akafunga mitupo huru yote miwili. Novemba mwaka huohuo, kabla hajacheza tena hata mechi moja, Lakers wakamwongezea mkataba wa miaka miwili wenye thamani ya dola milioni 48.5. Wengi waliuita uaminifu. Mimi naona walilipa deni la jana kwa pesa ya kesho, maana NBA ina kikomo cha mishahara, na fungu likishaingia mfuko mmoja, wengine wa kuwasajili hupungua. Msimu wa 2015–16, wake wa mwisho, Lakers walishinda mechi 17 na kupoteza 65, matokeo mabaya kuliko yote katika historia yao. Yeye mwenyewe aliingiza chini ya asilimia 36 ya mitupo yake. Tunachokikumbuka sote ni usiku wa kuaga, pointi 60 dhidi ya Utah Jazz, na sikatai, nilitokwa na machozi. Lakini alitupa mara 50 kuzipata, na kwenye timu ile kulikuwa na vijana waliohitaji kujifunza kwa mipira kama hiyo.

Tim Duncan wa San Antonio Spurs alikwenda njia nyingine. Mwaka 2012 alitoka kwenye mshahara wa zaidi ya dola milioni 21 akakubali usiofika 10, na mwaka 2014, akiwa na miaka 38, akabeba ubingwa wa tano. (Ila tusidanganyane: mchezaji akipunguziwa mshahara anasifiwa kwa uaminifu, na tajiri wa timu hakuna anayemwomba apunguze faida. Ukikubali kidogo, hakikisha unajua kinachobaki kinanunua nini.)

Kwetu hakukuwa na mamilioni, kulikuwa na dakika tu. Baada ya ile video nilimfuata kocha kabla hajaniita. Sikumuuliza kama bado ananiamini, kwa sababu swali hilo humlazimisha mtu mwungwana kusema uongo. Nilimuuliza, "Kocha, timu unayoitaka msimu ujao, mimi nimo wapi?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema: dakika kumi hivi, robo ya pili, na umnoe yule kijana atakayechukua nafasi yako. Iliniuma. Nikaomba siku tatu za kufikiri, nawe ziombe, kwa kuwa jibu la siku ileile hutolewa na hasira. Siku ya nne nikamrudishia unahodha mwenyewe, bila kusubiri kunyang'anywa. Benchi nalo lina ufundi wake: goti la miaka 35 likikaa robo nzima linaganda, hivyo nilijifunza kuamka na kujinyoosha kabla sijaitwa.

Timu nayo ina wajibu, na wajibu wenyewe ni kusema kweli mapema, uso kwa uso. Nimewahi kucheza mahali ambapo mkongwe mmoja alijua ameachwa siku alipokuta ameondolewa kwenye kundi la ujumbe la timu. Hakurudi hata kuchukua viatu vyake.

Na ukiambiwa nafasi hakuna, na wewe bado una hamu, nenda. Hakeem Olajuwon aliipa Houston Rockets ubingwa wa NBA wa 1994 na 1995, lakini msimu wake wa mwisho aliucheza Toronto. Mwaka 2002 Houston walistaafisha jezi yake namba 34, yaani mwingine asiivae tena. Ule msimu mmoja wa ugenini haukufuta kitu.

Mimi nilibaki misimu miwili zaidi. Katika mazoezi ya kwanza na yule kijana aliniuliza nilikuwa najuaje mpira utaangukia wapi. Nikamwambia mtupo wa kutoka pembeni ukikosa, mara nyingi mpira huangukia upande wa pili, kwa hiyo asikimbilie ringi, akimbilie huko. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeokota pesa. Tulikuwa tumekaa naye kwenye timu moja miaka miwili, na sikuwahi kumwambia.